Istilahi za Usalama wa Vifaa vya Umeme: Mafunzo kutoka Pwani ya Bagamoyo

UTANGULIZI

Madhumuni ya makala haya ni kuzieleza baadhi ya istilahi zinazohusu masharti ya usalama wa vifaa vya umeme na upatanifu wa sumakuumeme, na kupendekeza namna ya kuzitumia katika tafsiri, darasani na katika ofisi za Serikali. Haja ya kufanya hivyo imekua. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetamkwa na sheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kwa hiyo kazi ya kufasiri kanuni, fomu na matangazo imeongezeka. Kadhalika vifaa vya umeme vinavyoingia nchini huja na vijitabu vya maelezo, na vingine kati ya hivyo sasa vina ukurasa wa Kiswahili.

Tuanze na kisa kimoja. Katika ziara ya kukusanya maneno ya mafundi tulifika Bagamoyo, tukamkuta mama mmoja auzaye samaki na barafu karibu na pwani. Zamani jokofu lake la kugandishia lilisimama juu ya vichaga vya mbao. Siku moja alilishusha na kuliweka juu ya sakafu ya saruji, ambayo mchana kutwa hulowa maji ya barafu na ya bahari. Mota na viungio vya nyaya vya jokofu hilo viko chini. Maji yalivifikia, umeme ukaanza kuvuja, na bati la jokofu likawa linarusha. Mama huyo hakuacha kazi. Alinunua ndara za mpira, na kila alipotaka kulifungua alizivaa kwanza.

Baada ya kumwamkia tulimwuliza sababu ya kulishusha jokofu kutoka kwenye vichaga. Alituletea kijitabu kilichokuja nalo. Humo mliandikwa kwa herufi nzito: “Kifaa hiki lazima kiwekwe ardhini.” Akatuambia, “Mwanangu, si nyinyi wenyewe watu wa lugha mlioandika? Mimi nimefuata.”

Mfasiri wa kijitabu hicho alikusudia kusema kwamba bati la jokofu liunganishwe na ardhi kwa waya maalumu, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu. Sentensi yake haina kosa la sarufi, wala haina neno la kigeni. Mwalimu wa Kiswahili angeipa alama zote. Hata hivyo, msomaji aliyeitii alijiweka katika hatari ambayo hakuwa nayo kabla ya kusoma. Jambo tunalotaka kulisisitiza katika makala haya ni hilo: istilahi ya usalama haipimwi kwa uzuri wake katika karatasi, bali kwa kile anachokifanya msomaji baada ya kuisoma.

PWANI NA MAJINA YA UMEME

Si mara ya kwanza kwa pwani hii kupokea kitu kigeni cha umeme na kukitafutia jina. Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Neno simu, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, lilitumika kwa habari zilizopitishwa katika waya za namna hiyo. Baadaye likahamia katika chombo cha kuzungumzia, na leo tunalitumia kwa simu ya mkononi isiyo na waya kabisa. Vivyo hivyo neno umeme, ambalo ni jina la mwanga unaopasua anga wakati wa mvua, lilipanuliwa likabeba nguvu ipitayo katika nyaya. Wenzetu wa Kenya wengi husema stima, neno ambalo pia ni jina la meli ya mvuke.

Majina haya yalifanikiwa bila ya kamati wala kikao. Lakini yafaa kukumbuka kwamba upana wa maana zake haukumdhuru mtu. Anayeita simu ya waya na simu ya mkononi kwa jina moja hapati hasara yoyote. Istilahi za usalama haziko hivyo. Humo neno moja likibeba maana mbili, msomaji atachagua maana anayoizoea, na huenda isiwe ile inayomlinda.

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam ni mahali pafaapo kuchunguzia jambo hili, kwa sababu ni njia ya umeme na pia ni njia ya vifaa. Mwaka 1980 kebo ya chini ya bahari ya volti 132,000 ilianza kupeleka umeme Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2013 kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, iliongezwa. Kebo hiyo ya kwanza ilipopata hitilafu, Unguja ilikosa umeme wa Bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Wakati umeme unakwenda visiwani, vifaa vya kuutumia huja upande wa pili. Majahazi na mashua kutoka Unguja hushusha mizigo Bagamoyo, na pasipo ruhusa hushusha pia katika bandari bubu za pwani hiyo. Katika shehena hizo mna feni, pasi, majokofu na chaja zilizotoka Dubai, Uchina, Japani na Ulaya. Kila kimoja kati ya vifaa hivyo kilitengenezwa kwa masharti ya soko fulani, nalo si lazima liwe soko letu.

MASHARTI YA MASOKO MBALIMBALI

Viwango vingi vya vifaa vya umeme vina chimbuko lake katika Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoundwa London mwaka 1906. Tume hiyo hutunga viwango, lakini haina uwezo wa kumlazimisha mtu kuvifuata. Nchi ndizo zinazovichukua, zikavirekebisha na kuvipa nguvu ya sheria. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975 na ambalo sasa linaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Zanzibar inayo Taasisi yake ya Viwango, kwa sheria ya mwaka 2011. Kenya ilianzisha shirika lake mwaka 1974, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kuoanisha mambo ya viwango mwaka 2006. Vifaa vya mawasiliano, kama vile simu na redio za upepo, huhitaji zaidi ya hayo idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa chimbuko ni moja, masharti yanatofautianaje? Yanatofautiana kwanza kwa sababu umeme wenyewe haufanani. Wetu ni wa volti 230 na marudio 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Wa Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Nguvu ya kifaa cha kutoa joto hukua kwa mraba wa volteji. Kwa hiyo pasi ya Japani ya wati 1,000, ikichomekwa hapa, hujaribu kula zaidi ya wati 5,000, na huungua kabla fundi hajaitwa.

Kwa wafanyabiashara wa pwani, mfano wa Ghuba ni muhimu zaidi. Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zote hutumia plagi ya pini tatu bapa kama yetu, na volteji zao ziko karibu na yetu. Lakini Oman na Falme za Kiarabu hutumia hezi 50, na Saudi Arabia hutumia hezi 60. Feni ya hezi 60 ikifungwa Bagamoyo huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, na mota yake hupata joto zaidi. Plagi kuingia katika soketi si ushahidi kwamba kifaa kinafaa.

Plagi yenyewe ina somo lake. Soketi yetu ya matundu matatu hufuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947. Ndani ya matundu mawili ya chini mna vizibo, na hufunguliwa na pini ndefu ya juu, ambayo ndiyo ya waya wa ardhi. Plagi yenyewe hubeba fyuzi. Kifaa cha Ulaya chenye pini mbili za mviringo hakiwezi kuingia hivi hivi. Kwa hiyo watu hutia njiti au kalamu katika tundu la juu ili kuvifungua vizibo, kisha wakaisukuma plagi. Jokofu la mama yetu wa Bagamoyo lilichomekwa kwa njia hiyo. Kwa kitendo kimoja cha sekunde mbili kinga mbili zilipotea: waya wa ardhi na fyuzi ya plagi.

Tofauti ya pili ni ya namna ya kuthibitisha. Herufi CE zinazoonekana katika bidhaa za Ulaya, kwa vifaa vingi vya nyumbani, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza sheria za huko. Si lazima pawe na mtu wa tatu aliyekipima kifaa. Uchina huhitaji cheti kwa bidhaa zilizomo katika orodha yake maalumu. Nchi za Ghuba nazo zina alama yao, na kwa baadhi ya vifaa huhitaji chombo kilichoteuliwa kithibitishe. Tanzania, tangu mwaka 2012, inao utaratibu wa kuzikagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa. Kwa kawaida alama za nchi moja hazichukui nafasi ya alama za nchi nyingine.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri hawautumii ipasavyo. Tunayo maneno kudai, kutamka, kuthibitisha na kuidhinisha, na kila moja lina mtu wake. Mtengenezaji hutamka, mpimaji asiye na maslahi huthibitisha, mamlaka ya nchi huidhinisha. Katika nyaraka tulizozipitia tumeona mambo yote matatu yakifasiriwa kwa neno moja, kuthibitisha. Ofisa wa forodha asomapo kwamba bidhaa “imethibitishwa” anastahili kujua aliyethibitisha ni nani. Ikiwa ni mwuzaji mwenyewe, hilo ni tamko tu.

MANENO YENYE MTEGO

Sasa tutazame maneno ambayo katika uchunguzi wetu yameonekana kuwa na hatari zaidi.

1. Kuweka ardhini. Kisa chake tumekwisha kukisimulia. Wapo waliopendekeza kitenzi kuardhisha. Ni kifupi na hunyambulika vizuri, lakini tulipowauliza mafundi na wateja wao, wengi walisita. Mmoja alidhani ni kufukia nyaya. Mafundi wote walilijua neno ethi. Kwa hiyo katika maelezo ya mtumiaji tunapendekeza sentensi ndefu kidogo isiyo na shaka: “Kifaa hiki lazima kiunganishwe na ardhi kwa waya wa ethi.” Neno ethi limekwisha kuingia katika lugha kupitia mikono ya watu, na kulikataa kwa ajili ya asili yake ni kumnyang’anya msomaji neno pekee analolijua.

2. Shoti. Neno hili hutumika kwa mambo mawili. Nyumba ikiungua husemwa ni shoti, na mtu akiguswa na umeme husemwa amepigwa shoti. Jambo la kwanza ni nyaya mbili kugusana na mkondo kupita njia ya mkato ukiwa mkubwa mno. Kinga yake ni fyuzi. Jambo la pili ni mkondo kupita katika mwili. Na fyuzi haimkingi mtu huyo, kwa sababu mkondo unaoweza kuua ni mdogo sana kuliko ule unaokata fyuzi. Fyuzi ya plagi huwa ya ampea 3 au 13, na hali mkondo wa miliampea 30 tu ukipita kifuani waweza kuuvuruga moyo. Mwananchi aliyeambiwa kwamba fyuzi huzuia shoti hudhani yu salama kwa yote mawili. Kumbe yu salama kwa moja tu.

Katika jambo hili lugha ya watu ni sahihi kuliko ile ya vitabu. Watu husema mtu amerushwa na umeme, na pia husema amenaswa na umeme. Maneno hayo mawili hayana maana moja, na sayansi inakubaliana nayo. Umeme wa mkondo geu hukaza misuli. Mtu aliyeshika waya kwa kiganja huenda asiweze kuuachia, naye ndiye aliyenaswa. Aliyegusa kwa nyuma ya mkono, au aliyepigwa kwa ghafla, misuli humtupa mbali, naye ndiye aliyerushwa. Mwokoaji lazima ajue tofauti hiyo, kwa kuwa aliyenaswa haguswi kabla umeme haujakatwa. Tunapendekeza shoti iachwe kwa nyaya, na kwa mtu tuseme mrusho wa umeme, tukilihifadhi kunaswa kwa hali yake maalumu.

3. Umeme mdogo. Mtaani, umeme mdogo ni ule uliofifia jioni, taa zikawa nyekundu na feni ikachoka. Lakini katika viwango liko daraja la volteji ambalo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, huwa “volteji ya chini”, na baadhi ya wafasiri wameliandika “umeme mdogo”. Daraja hilo hufika volti 1,000 za mkondo geu. Umeme wa nyumbani umo ndani yake, na huua. “Chini” hapa ni kwa kulinganishwa na zile nguzo kubwa za njia ya umeme, wala si kwa kulinganishwa na mwili wa binadamu. Liko daraja jingine lisilozidi volti 50, nalo ndilo lililokusudiwa kupunguza hatari hiyo. Tunapendekeza la kwanza liitwe volteji ya matumizi na la pili volteji hafifu, na tarakimu ziandikwe kila mara.

4. Daraja la kwanza. Viwango hugawa vifaa kwa namna vinavyomkinga mtu. Kundi la kwanza ni la vifaa vyenye bati linalopaswa kuunganishwa na waya wa ethi, kama jokofu na pasi nyingi. Kundi la pili ni la vifaa vyenye kihami maradufu, visivyohitaji waya huo. Alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Mfasiri aandikapo “daraja la kwanza” na “daraja la pili”, msomaji aliyezoea madaraja ya garimoshi na ya vyeti vya shule huona kwamba la kwanza ni bora. Kwa hakika la kwanza ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Tunapendekeza kundi lenye ethi na kundi la kihami maradufu, bila ya kuhesabu.

5. Ubora na usalama. Alama ya Shirika la Viwango huitwa na wengi alama ya ubora, na jina hilo limekwisha kuzoeleka. Lakini ubora na usalama si kitu kimoja. Feni yaweza kuwa salama na ikafa baada ya mwaka, na nyingine yaweza kudumu miaka 20 huku bati lake likirusha. Mwalimu na awafundishe wanafunzi kuuliza maswali mawili: kitadumu? kitanidhuru?

6. Lazima, inafaa, inaweza. Lugha ya viwango hutofautisha kwa ukali sharti, pendekezo na ruhusa. Wafasiri wengi huyaandika yote matatu kwa neno inapaswa. Matokeo yake ni kwamba mwenye kiwanda huliona sharti kuwa ushauri, na mkaguzi huuona ushauri kuwa sharti. Palipo na sharti tuandike lazima. Palipo na pendekezo tuandike inafaa. Palipo na ruhusa tuandike inaweza.

UPATANIFU WA SUMAKUUMEME

Jambo la pili la makala haya halionekani kwa macho, na kwa hiyo istilahi zake ni ngeni zaidi. Kila mkondo wa umeme unaobadilika hutoa mawimbi. Chaja ya simu hukata na kuunganisha mkondo maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Isipowekewa kichujio, mawimbi yake huingia katika nyaya za nyumba na katika hewa. Msikilizaji wa masafa ya kati ya redio, ambayo huanza karibu na kilohezi 530 hadi 1,600, husikia mikwaruzo. Mzee mmoja wa Bagamoyo alitueleza kwamba redio yake “hukoroma” kila jirani anapochaji simu. Hakuwa na jina la kisa hicho, lakini alikwisha kugundua chanzo chake.

Nchi nyingi zimekuwa zikilishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Kamati ya kimataifa ya kupambana na kelele za redio iliundwa mwaka 1934, na Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake la kwanza la upatanifu mwaka 1989. Masharti yana pande mbili. Upande mmoja kifaa kisitoe mawimbi ya kuvisumbua vingine. Upande wa pili kistahimili mawimbi na misukosuko ya kawaida kutoka nje, kama vile umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, au radi ya masika kupiga karibu na njia ya nyaya. Ni adabu ya nyumba zilizopakana: usipige ngoma usiku kucha, na wala usigombe kwa kila mtoto anayelia ng’ambo ya ukuta.

Kwa dhana nzima tunapendekeza upatanifu wa sumakuumeme. Neno utangamano lilifikiriwa pia, lakini limekwisha kuelemewa na mambo ya siasa na ya Jumuiya. Kwa usumbufu wenyewe wengi huandika mwingiliano. Hapa yafaa tuisikilize sarufi. Kiambishi cha kutendana huonyesha kwamba pande zote mbili zinatenda. Lakini chaja huiingilia redio, nayo redio haiiingilii chaja. Neno sahihi ni uingiliaji. Upande wa kutoa uitwe utoaji, na upande wa kuvumilia uitwe ustahimilivu. Neno kinga lilipendekezwa kwa huo wa mwisho, lakini katika taaluma hii linatumika tayari kwa kumkinga mtu, na tumekwisha kuona madhara ya neno moja kubeba mizigo miwili.

Kuna jambo jingine linalounganisha sehemu hizi mbili. Vichujio vya vifaa vingi vyenye bati hupeleka mawimbi yasiyotakiwa katika waya wa ethi. Waya huo usipokuwapo, mawimbi hayana pa kwenda, na bati lenyewe hubaki na volteji inayoweza kufikia karibu nusu ya ile ya soketi, ikamwasha mtu vidole ingawa kifaa hakijaharibika. Hivyo njiti iliyotiwa katika soketi huharibu usalama na upatanifu kwa pamoja. Ofisa anayefasiri masharti ya upatanifu na kuiacha ibara ya waya wa ethi kwa kudhani ni ya usalama tu, ameiacha nusu ya sharti.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Ukidhi: hali ya kifaa kutimiza masharti ya kiwango. Mtu huzingatia, kifaa hukidhi.

Tamko la ukidhi: maandishi ya mtengenezaji mwenyewe kwamba kifaa chake kinakidhi.

Cheti cha ukidhi: maandishi ya mpimaji asiye mtengenezaji wala mwuzaji.

Idhini: ruhusa ya mamlaka ya nchi ya kukiingiza au kukitumia kifaa.

Waya wa ethi: waya unaounganisha bati la kifaa na ardhi.

Kihami maradufu: tabaka mbili za kuzuia umeme usimfikie mtumiaji.

Shoti: nyaya kugusana na mkondo kupita njia ya mkato.

Mrusho wa umeme: athari ya mkondo kupita katika mwili.

Mvujo: mkondo unaotoka katika njia yake kwa sababu ya unyevu, kutu au kihami kilichochakaa.

Volteji ya matumizi: volteji ya mkondo geu izidiyo volti 50 na isiyozidi 1,000.

Volteji hafifu: volteji ya mkondo geu isiyozidi volti 50.

Upatanifu wa sumakuumeme: uwezo wa kifaa kufanya kazi karibu na vingine bila ya kuvisumbua wala kusumbuliwa.

Uingiliaji: usumbufu unaotoka katika kifaa kimoja na kuingia katika kingine.

Ustahimilivu: uwezo wa kifaa kuendelea na kazi yake licha ya uingiliaji.

HITIMISHO

Kwa kawaida tunapotunga istilahi huanza na hazina ya Kiswahili chenyewe, kisha tukatazama lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine. Hupima pia ufupi wa neno na unyambulikaji wake. Kanuni hizo ni njema na tunaendelea nazo. Lakini kwa istilahi za usalama tunaongeza kanuni moja mbele ya zote: kabla neno halijachapishwa, sentensi yenye neno hilo apewe fundi mmoja na mtumiaji mmoja wa kawaida, waisome bila ya kuelezwa, kisha waonyeshe kwa vitendo watakachofanya, kifaa kikiwa hakijachomekwa. Wakifanya tofauti na kilichokusudiwa, neno hilo lirudi mezani, hata likiwa zuri namna gani.

Walimu wa sayansi wanaweza kuifanya kazi hii na wanafunzi wao kwa kutumia kijitabu chochote kilichoko nyumbani. Watumishi wa Serikali wanaopokea rasimu za kanuni wanaweza kuifanya kwa kumwita fundi wa ofisi. Twawaomba wasomaji watuandikie maneno yanayotumika kwao, hasa yale ya mafundi wa pwani na visiwani, pamoja na maoni yao kuhusu orodha tuliyoitoa.

Kuhusu jokofu la Bagamoyo, fundi aliyekuwa pamoja nasi alilikata umeme, akalirudisha juu ya vichaga, akakausha viungio, akabadili plagi na kufunga waya wa ethi. Katika kijitabu tuliifuta ile sentensi kwa kalamu na kuandika nyingine juu yake. Mama aliisoma kwa sauti, akainama, akatufuatishia waya huo kwa kidole kutoka kwenye bati la nyuma hadi kwenye plagi, akatuuliza, “Huu?” Tukamjibu kwamba ndiwo.